Mtoa Siri: Ni Msaliti au Ni Mwananchi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama katika mkutano wa Nalasi



Kamati imeniomba niseme juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana katika mabaraza yenu tangu watu walipoanza kuulizana kama simu zao zinasikilizwa. Jambo lenyewe ni hili. Mtu ameajiriwa na Serikali. Amekula kiapo cha kutunza siri. Siku moja, katika kazi yake, anaona kwamba Serikali ile ile inayomlipa mshahara inawapeleleza raia wasio na kosa, inasikiliza maneno yao na kusoma barua zao, wala haikumwambia mtu. Naye anazichukua zile karatasi, anazitoa hadharani. Je, mtu huyo tumwite nani?

Wako miongoni mwenu wasemao kwamba ni msaliti, na afungwe. Wako wasemao kwamba ni shujaa, na abebwe mabegani. Mimi nasema majina yote mawili ni mepesi mno kwa jambo zito namna hii. Kabla hatujampa mtu jina, yatupasa tuulize maswali mawili: siri ile alimpa nani? Na yeye alipata nini?

Naanza na hapa petu, maana watu wa Nalasi si watu wa kufundishwa thamani ya siri. Mto Ruvuma uko hapo kusini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Tangu tarehe 25 Septemba 1964, ndugu zetu wa FRELIMO walipoanza kupigana na Mreno, mpaka tarehe 25 Juni 1975 walipopata uhuru, mpaka huu ulikuwa mpaka wa vita. Hapo Tunduru FRELIMO walikuwa na kambi yao na shule yao. Ng'ambo Mreno alikuwa na polisi wake wa siri walioitwa PIDE, na kazi yao kubwa ilikuwa kununua watu. Mtu aliyewaambia ni njia gani hupitwa usiku, au ni nyumba ya nani hulaza wageni, hakuwa ametoa habari tu. Alikuwa ameua. Tarehe 3 Februari 1969, Dkt. Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam na bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi cha posta. Ili bomu la namna hiyo limfikie mtu, ni lazima awepo anayejua mtu huyo hupokea vitu gani, na huvifungulia wapi.

Basi mtu asije hapa akatuambia kwamba siri zote za Serikali ni mbaya na zote zitolewe. Nchi ina adui, na nchi yenye adui ina siri. Hilo tulikubali tangu zamani.

Lakini iko siri ya namna nyingine, nayo haina adui ndani yake. Katika siri hiyo anayefichwa ni mwenye nchi mwenyewe.

Tazameni jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2011, mwezi wa Februari, ulifanyika uchaguzi. Mwezi wa Aprili, bei za vyakula na mafuta zikiwa zimepanda, watu wa upinzani pamoja na Dkt. Kizza Besigye walianza maandamano ya kwenda kazini kwa miguu. Nasema kwa miguu, ndugu zangu, hawakubeba bunduki. Serikali ikawapiga mabomu ya machozi na kuwakamata. Hayo kila mtu aliyaona kwa macho. Yasiyoonekana yalijulikana baadaye, Oktoba 2015, pale shirika la Privacy International la London, likishirikiana na watangazaji wa BBC, lilipotangaza hati za siri zilizotoka ndani ya Serikali ya Uganda.

Hati zile zilionyesha kwamba mwezi wa Desemba 2011 idara ya upelelezi wa kijeshi, ile iitwayo CMI, ilinunua programu ya kupelelezea iitwayo FinFisher, mali ya kampuni ya Gamma ya Ulaya. Programu hiyo ikiingia katika simu yako au kompyuta yako, mwenye kuituma husoma unayoandika, huchukua maneno yako ya siri ya kufungulia akaunti, na aweza hata kuwasha kipaza sauti na kamera ya simu yako ukiwa umeiweka mezani unakula. Wewe huoni kitu. Simu inalia kama kawaida, na mama mkwe anapiga kama kawaida.

Na kazi hiyo waliipa jina gani? Waliiita “Fungua Macho.” Jina la Kiswahili! Lugha hii tuliyoipigania iwe lugha ya uhuru wa Afrika Mashariki imetumiwa kuwa jina la kuwavizia watu wa Afrika Mashariki. Nilipolisoma neno lile niliona haya.

Ziliwekwa mashine za intaneti za udanganyifu katika hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka, ili mgeni akijiunga na intaneti ya hoteli, asijue kuwa amejiunga na ofisi ya upelelezi. Hati zikasema vilevile kwamba mitego ya namna hiyo ilipelekwa Bungeni na katika ofisi za Serikali yenyewe. Waliolengwa walikuwa viongozi wa upinzani, wabunge, na watu wa magazeti. Katika taarifa moja ya Januari 2012 iliyoandikwa kwa ajili ya Rais, imesemwa wazi kwamba mambo ya siri ya watu hao yakishapatikana, yaweza kutumiwa kuwatisha ili wanyamaze. Hapo ndipo penye shina la jambo. Hawakuwa wakitafuta mwizi wala gaidi. Walikuwa wakitafuta aibu ya mtu, ili wamfunge mdomo kwa aibu yake. Na ni nani kati yetu asiye na aibu hata moja nyumbani kwake?

Serikali ya Uganda ilikana. Ni desturi. Lakini sasa rudini kwenye maswali yangu mawili. Siri hiyo alipewa nani? Ilitangazwa duniani, na wa kwanza kuhusika walikuwa Waganda wenyewe waliokuwa wakivizwa. Hakuna jeshi la kigeni lililoelezwa mahali vilipo vifaru vya Uganda. Na aliyeitoa alipata nini? Jina lake halikutangazwa, wala hakuitwa jukwaani kupewa maua. Mtu anayetafuta sifa hafanyi hivyo.

Msidhani kwamba siri ikitoka, basi dhuluma hukoma kesho yake. Haikukoma. Mwezi wa Desemba 2021 ilitangazwa kwamba simu za watumishi wa Serikali ya Marekani wasiopungua 9, walioko Uganda au wanaoshughulika na mambo ya Uganda, zilikuwa zimeingiliwa na programu nyingine, ya kampuni ya NSO ya Israeli. Mwewe naye siku moja huibiwa kifaranga! Lakini faida ya kwanza ya kutoa siri ni kwamba anayepelelezwa hujua. Akijua, hujilinda, na huuliza swali Bungeni, na huenda mahakamani. Asiyejua hawezi kudai haki ambayo hajui kwamba imechukuliwa.

Sasa nitoke Uganda niende Marekani, kwa sababu huko ndiko ilikotoka siri kubwa kuliko zote za namna hii, nayo ilitugusa mpaka huku kwetu.

Edward Snowden alikuwa kijana wa miaka 29. Alifanya kazi ya kompyuta katika kampuni iliyoajiriwa na shirika la upelelezi la Marekani liitwalo NSA, kisiwani Hawaii. Mshahara wake ulikuwa mzuri na maisha yake hayakuwa na shida. Mwezi wa Mei 2013 akasafiri mpaka Hong Kong akiwa na hati nyingi za siri, akakutana na waandishi wa habari, Glenn Greenwald, Laura Poitras na Ewen MacAskill. Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la Guardian la Uingereza likachapa habari ya kwanza: kwamba kampuni ya simu ya Verizon ilikuwa imeamriwa na mahakama ya siri iipe Serikali, kila siku, orodha ya simu za mamilioni ya wateja wake, nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Tarehe 9 Juni akajitaja jina lake mwenyewe. Serikali yake ikamshitaki kwa makosa matatu, mawili chini ya Sheria ya Ujasusi ya mwaka 1917, sheria iliyotungwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Miezi michache kabla ya hapo, mkuu wa idara zote za upelelezi za Marekani, Bwana James Clapper, aliulizwa katika Baraza la Senate kama NSA inakusanya habari za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu kuwa hapana, si kwa kukusudia. Snowden alisema baadaye kwamba kumwona mkubwa akisema hivyo mbele ya wawakilishi wa watu ni moja ya mambo yaliyomkata shauri. Mimi namwamini katika hilo. Mtumishi huvumilia mengi, lakini kuna siku humsikia bwana wake akisema uongo mbele ya wenye nchi, na yeye ana ukweli mkononi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata siku ile ikasema.

Mwezi wa Mei 2014, katika hati hizo hizo, gazeti la intaneti liitwalo The Intercept likatangaza habari ya mpango ulioitwa MYSTIC. Kwa mpango huo Marekani ilikuwa ikizoa kumbukumbu za simu za nchi nzima nzima, na moja ya nchi zilizotajwa ni Kenya. Fikirini! Mama wa Kisumu kampigia mwanawe aliyeko Mombasa amuulize kama amekula, na kumbukumbu ya simu ile inawekwa Marekani. Katika Bahama, ilisemekana, hata maneno yenyewe ya simu zote yalirekodiwa na kutunzwa mpaka siku 30. Wakati wa ukoloni barua zetu zilifunguliwa na afisa aliyekaa bomani, tukamjua kwa jina na kwa sura. Mkoloni mamboleo hana haja ya kuja bomani.

Kama si Snowden, Mkenya angejuaje? Serikali yake ilikuwa imemwambia nini? Ni mtu wa mbali, asiyemjua, aliyempa habari ya mlango wake mwenyewe.

Sasa nitasema upande wa pili, maana hotuba ya upande mmoja ni ya mnadani. Wako wanaomlaumu Snowden kwa hoja zenye uzito. Mwaka 2016 kamati ya upelelezi ya Bunge la Marekani ilisema kwamba sehemu kubwa ya hati alizochukua hazikuhusu kabisa raia kusikilizwa, bali zilihusu mambo ya jeshi. Kama ni hivyo, basi alivuna shamba zima kwa sababu ya gunia moja. Yeye hujibu kwamba hakuzichapa mwenyewe. Aliwapa waandishi wachague yapi yanafaa kujulikana na yapi yafichwe. Na kweli waandishi walichagua. Katika habari ile ya MYSTIC walikataa kuitaja nchi moja, wakasema kutajwa kwake kungeweza kuleta kumwagika damu. Baadaye watu wa WikiLeaks wakaitaja, wakasema ni Afghanistan. Hapo mnaona tofauti ya mtoa siri mwenye kupima na mtoa siri asiyepima. Mimi simsifu mtu kwa kumwaga kila kitu barabarani. Jina la mtu aliyetumwa kazini kwa adui likitoka, mtu huyo hufa.

Hoja ya pili ni Urusi. Serikali ya Snowden iliifuta pasipoti yake, naye alipotoka Hong Kong akakwama uwanja wa ndege wa Moscow zaidi ya mwezi mzima. Tarehe 1 Agosti 2013 Urusi ikampa hifadhi, na mwaka 2022 ikampa uraia. Adui zake husema: mwaona, amekwenda kwa adui. Nami nasema, waliomfungia njia ni wale wale wanaomcheka kwa kukwama. Lakini sifichi kwamba jambo hilo limempunguzia kauli. Anaishi chini ya dola ambayo nayo inawasikiliza watu wake, na ulimi wake huko si mrefu kama ulivyokuwa Hong Kong. Hayo ni malipo, tena malipo mazito: nchi yake, na haki ya kusema juu ya dhuluma popote iwapo.

Mlinganisheni na Mmarekani mwingine, Aldrich Ames wa CIA, aliyekamatwa mwaka 1994. Huyu aliwauzia Warusi majina ya watu waliokuwa wakiisaidia Marekani kwa siri. Alilipwa zaidi ya dola milioni 2, akanunua nyumba kwa fedha taslimu na gari la fahari, na watu wasiopungua 10 wakauawa. Wote wawili walivunja kiapo. Wote wawili walitoa siri za upelelezi. Lakini mmoja aliwapa wananchi bila kupokea senti, na mwingine alimpa adui akapokea gunia la fedha. Sheria ya 1917 imewaweka katika ukurasa mmoja. Sisi tusifanye hivyo.

Na matokeo? Mwezi wa Juni 2015 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuizuia Serikali isizoe tena orodha za simu za watu wote. Mwezi wa Septemba 2020 mahakama ya rufani ikatamka kwamba mpango ule wa zamani ulikuwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo kijana yule aliitwa mwivi kwa kuonyesha jambo ambalo mahakama yenyewe, baada ya miaka 7, ilisema halikuwa halali. Na bado hawezi kurudi kwao.

Ndugu zangu, twende katika historia yetu, kwa maana chama hiki ni mtoto wa TANU, na TANU yenyewe ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 ikiwa tayari inapelelezwa. Makachero wa Special Branch walikuja katika mikutano, wakakaa mbele kabisa na madaftari yao, wakaandika kila neno. Mtumishi wa Serikali alikatazwa kuwa mwanachama. Karani wa boma, mwalimu, mganga wa zahanati ya Serikali, wote walikatazwa kadi. Lakini hakuna waraka uliomkataza karani kuwa na macho.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika katika Sauti ya TANU akiwashutumu maofisa wawili wa wilaya kwa matendo yao juu ya watu wetu. Serikali ikamshitaki kwa kashfa. Wakili mashuhuri D. N. Pritt akaja kutoka Uingereza kumtetea. Mahakama ikamtia hatiani, ikamtoza faini ya shilingi 3,000 ama kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Pimeni jambo hilo. Upande mmoja ni mwananchi mwenye maneno yake na mashahidi wake. Upande wa pili ni Serikali yenye kabati la chuma, na katika kabati lile mna kila barua ambayo afisa alimwandikia mkubwa wake. Nani aweza kushinda?

Na kabati lile lilipata nini? Mwaka 1961, uhuru ukikaribia, Waziri wa Makoloni Iain Macleod alitoa maagizo kwamba serikali mpya zisiachiwe hati ambazo zingeitia Serikali ya Uingereza aibu, au zingewafichua watu waliokuwa wakiipelekea habari. Majalada yakatengwa. Mengine yalichomwa, na yako maagizo yaliyosema majivu yenyewe yavurugwe ili asiwepo atakayetambua kilichochomwa. Mengine yaliruhusiwa kutoswa majini, penye kina, ndani ya makasha mazito. Mengine yakapelekwa Uingereza kimya kimya, yakafichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Yalitoka katika makoloni 37, na Tanganyika ni mojawapo. Huko Kenya majalada hayo yalipigwa alama, na afisa Mwafrika, hata akiwa na cheo gani, hakuruhusiwa kuyagusa.

Dunia haikujua mpaka mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau wa Kenya walipoishitaki Serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini, na Serikali ikalazimika kukiri kwamba majalada yapo. Ndani yake zikaonekana barua za wakubwa. Mwanasheria Mkuu wa Kenya wakati huo, Eric Griffith-Jones, alikuwa amemwandikia Gavana mwaka 1957 kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya. Mwezi wa Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Walikuwa wazee wa miaka themanini, na wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa. Kama barua moja tu kati ya zile ingalitolewa na karani mmoja mwaka 1957, ni watu wangapi wangaliokoka? Siri isiyotolewa nayo ina gharama, ila gharama yake haiandikwi katika hesabu za mtu.

Lakini naomba msinishangilie upesi, kwa maana sasa nakuja kwetu wenyewe. Chama kikiwa nje ya Serikali, humpenda mtoa siri kama ndugu wa tumbo moja. Kikiingia Serikalini, humwita haini. Sisi hatukuwa tofauti. Tulipopata uhuru tulitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini mwaka 1962, na mwaka 1970 Sheria ya Usalama wa Taifa, ambayo humfunga kifungo kirefu anayetoa habari ya siri ya Serikali. Wakati ule Mreno alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na sababu ilionekana. Mreno alikwisha kuondoka mwaka 1975. Sheria haikuondoka naye.

Na Katiba yetu, Ibara ya 16, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa nafsi yake, nyumba yake na mawasiliano yake binafsi. Mwaka 2020 sote tulipanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Wazee wengine hapa vidole vyao vimechubuliwa na jembe na utomvu wa korosho, mashine ikawakataa mara tatu, mara nne. Tulifanya hivyo kwa utii, tukaambiwa ni kwa ajili ya kuwakomesha matapeli. Sawa. Lakini aliyetoa kidole chake ana haki ya kuuliza kidole hicho kimewekwa wapi, na nani anaruhusiwa kukifungua.

Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tunayo, ilitungwa mwaka 2015. Inamlinda mtu anayepeleka habari za uovu kwa mkubwa anayehusika. Ni sheria nzuri kwa mwizi wa dawa za zahanati. Lakini kama mkubwa anayehusika ndiye mwenye kusikiliza simu, mtoa taarifa ampelekee nani? Hapo sheria inamwacha njia panda.

Na msije mkadhani kwamba kuachwa njia panda ni jambo dogo. Mwaka 1993 alikuwako karani wa Benki Kuu ya Kenya, kijana, jina lake David Munyakei. Siri yake haikuwa ya simu, ilikuwa ya fedha: aliona malipo makubwa yakitolewa kwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, naye akajua si kweli. Akatoa karatasi, zikafika kwa wabunge wa upinzani, zikafika magazetini. Nchi nzima ikajua kwamba imeibiwa mabilioni. Munyakei akakamatwa, akashitakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Hakufungwa, lakini kazi yake ilikwisha, asirudishwe tena. Serikali ilipobadilika mwaka 2002 watu walidhani sasa atakumbukwa. Mwaka 2004 shirika la kupinga rushwa likampa nishani. Nishani hailiwi. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini, na waliotumia karatasi zake kupandia jukwaani walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo aibu ninayotaka tuione. Yatupasa tuogope dhambi ya Serikali inayomwadhibu mtoa siri, na tuogope vilevile dhambi ya chama kinachomtumia halafu kikamsahau. Akija kwetu usiku karani kijana, ana mke na watoto wawili, ana karatasi ndani ya shati, si kazi yetu kumpigia makofi. Kwanza aulizwe: hii imehusu raia wanaovizwa bila kosa, au imehusu ulinzi wa mpaka? Kama ni ulinzi wa mpaka, airudishe alikoitoa, na sisi tusiisome. Kama ina jina la mtu ambaye atauawa likijulikana, jina lifutwe kabla ya macho ya pili kuliona. Kama ni haki ya wananchi kujua, basi amtafute wakili kabla ya kumtafuta mwandishi, na aambiwe kweli yote juu ya gharama itakayompata, asidanganywe na maneno matamu ya jukwaani. Mimi sitamshawishi mtoto wa mtu avunje kiapo, halafu nikalale kitandani kwangu.

Ndugu Mwenyekiti, nina mambo matatu ya kupendekeza. La kwanza, tawi liandike barua kwa Mbunge wetu, aulize Bungeni ni nani anayetoa ruhusa ya kusikiliza simu ya raia, na kama ruhusa hiyo hupita kwa hakimu. La pili, aombwe kupeleka hoja kwamba Sheria ya 2015 iongezwe kifungu cha kumlinda mtumishi anayefichua upelelezi usio halali, na awepo jaji mmoja wa kupelekewa habari hizo asiye chini ya idara yo yote ya usalama. La tatu, tawi litenge fungu dogo katika mfuko wake, hata likiwa ni gunia moja la korosho kwa msimu, kwa ajili ya wakili na chakula cha familia ya mtu wa namna hiyo, siku atakapotokea wilayani petu.

Naomba yaandikwe katika kumbukumbu na yapigiwe kura sasa hivi kabla ya maswali, kwa kuwa wenzetu waliotoka Lukumbule wana safari, na gari lao halisubiri magharibi.